Safi, Mwosha Matumbo wa Mto Kimemi

Safi binti Amisi alizaliwa Beni, katika mtaa wa Waislamu, na mpaka siku ya kuolewa hakuwahi kugusa utumbo wa mnyama. Baba yake, Mzee Amisi, alikuwa dereva wa kamyo. Alipeleka kahawa na maharagwe, akarudi na samaki wakavu wa ziwani, kwa hiyo kitoweo cha nyumbani kwao kilikuwa samaki, na asipokuwapo samaki, sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Nyama waliila siku ya Idi, nayo ilifika jikoni ikiwa imekwisha kukatwa.

Aliolewa na Jumaine, mchinjaji wa Butembo, miaka michache kabla ya Uhuru. Butembo aliona baridi ambayo Beni haijui. Asubuhi ya kwanza baada ya siku za arusi, mama mkwe wake, Mama Sofia, alimfunga shuka la pili mabegani, akampa karai, wakashuka pamoja mpaka mto Kimemi. Ndani ya karai mlikuwa na tumbo la ng'ombe aliyechinjwa alfajiri, bado lina joto.

"Hii njo kazi ya bibi ya muchinjaji," Mama Sofia alimwambia. "Bwana yako anauzisha nyama. Weye unauzisha matumbo. Pasua hapa."

Safi akapasua. Yakamwagika majani yaliyosagwa nusu, ya kijani kibichi, mengi kuliko alivyodhani mnyama mmoja anaweza kubeba, na harufu yake ilikuwa kali kama ya kitu kilichochacha. Alitapika kwenye nyasi. Mama mkwe hakumcheka wala hakumpa pole. Alimngoja amalize, akamwonyesha namna ya kugeuza ngozi ya ndani nje, kuipiga juu ya jiwe na kuikwangua.

Matumbo ya ng'ombe ni manne, na wanawake wa Kimemi walikuwa na jina la kila moja. La kwanza, lile kubwa kama gunia, waliliita taulo, kwa ajili ya vinyweleo vyake. La pili waliliita sega, maana ndani lina vijumba kama vya nyuki. La tatu ni kitabu, limejaa kurasa za nyama, na kati ya kila ukurasa na mwenzake kuna majani makavu ambayo lazima uyatoe kwa kidole. La nne ni laini, linateleza, nalo ndilo linalofanana na tumbo la mtu. Ilimchukua Safi msimu mzima wa mvua kuyazoea. Akiisha kuyazoea, akaanza kujiuliza. Mikono ilikwangua, lakini akili yake ilibaki palepale: mnyama mmoja, matumbo manne, ya nini?

Mtu wa kumuuliza alikuwapo karibu. Kila asubuhi, kabla nyama haijauzwa, alikuja Apollinaire, mtu wa Leta, yaani wa serikali, msaidizi wa daktari wa mifugo. Alikuwa Mnande wa upande wa Lubero, Mkatoliki, mrefu, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, na kwa dakika chache tu aliweza kusema Kifaransa na daktari wake mzungu, Kinande na wachungaji, na Kiswahili na watu wengine wote. Alipasua maini kutafuta minyoo, akachungulia mapafu, kisha akagonga muhuri wa wino wa zambarau. Watu walimwita Muganga wa Ng'ombe. Hakuchukia.

Siku moja Safi, akiwa amejifunga mtandio vizuri kwa heshima, alimuuliza mbele ya mume wake.

"Bwana Apollinaire, mutu iko na tumbo moja. Ng'ombe juu ya nini iko na mane?"

Apollinaire alifuta kisu chake. Katika miaka yake yote ya kazi watu walimuuliza kama nyama itapita au haitapita. Swali hili lilikuwa la kwanza.

"Sababu majani ni nguvu," akasema. "Weye ukikula majani ya porini, inapita tu. Haikusaidie. Na ng'ombe pia, yeye peke yake, hawezi."

"Lakini anakula."

"Njo batu banafikiri. Mama Safi, ukilowesha muhogo mu maji, kisha siku kidogo unakuta umelegea. Nani aliulegeza? Ni weye?"

"Hapana. Ni maji."

"Si maji. Mu maji muko tududu tudogo sana, jicho hautuone. Njo tunakula ule muhogo, tunaulegeza. Donc, basi, mu hii tumbo ya kwanza, tududu ni mingi kupita batu ba dunia. Ng'ombe anakata majani, anatuletea. Akipumuzika, anayarudisha mu kinywa, anatafuna tena, anatupatia tena. Tunakula, tunazaana. Kisha ng'ombe anakunywa ile tunaacha, na kule mu tumbo ya ine anakula na tududu twenyewe."

Safi aliligeuza taulo ndani ya karai lake. "Basi ng'ombe ni mufugaji," akasema.

Jumaine alicheka, lakini Apollinaire hakucheka. Alisema ndiyo, ni mfugaji, tena mzuri, kwa sababu akiwanyima chakula wafugwa wake naye hufa.

Tangu hapo yakawa mazungumzo ya kila asubuhi, mafupi, huku muhuri ukigongwa. Jumaine hakuyakataza. Alikuwa mtu mpole, na alipenda kuona mke wake haichukii tena kazi. Apollinaire alimfundisha kutafuta ndani ya firigisi ya kuku vile vijiwe ambavyo kuku humeza makusudi, maana hana meno, na mawe hayo ndiyo meno yake, yamekaa tumboni. Safi akawa anavihifadhi vile vilivyong'aa, akawaonyesha wanawake wa Kimemi, nao wakashangaa kwamba waliishi na kuku maisha yao yote bila kujua.

Mke wa Apollinaire, Emérence, alifuga kobayi jikoni kama Wanande wengi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaokimbia chini ya vitanda na kulia kila wakisikia majani yanaletwa. Safi alipokwenda kumtembelea, aliona mmoja akiinama na kula mavi yake mwenyewe, akamwonyesha Emérence.

"Kila siku banafanya vile," Emérence alisema. "Mimi nilifikiri ni njaa, nikabaongezea majani. Lakini hapana. Bwana yangu anasema hana tumbo mane kama ng'ombe. Tududu twake tuko nyuma kabisa, karibu na mulango. Chakula inatoka mbele ya kumalizika. Donc anakula mara ya pili."

Safi akasema kwamba Mungu hakumuacha kiumbe hata mmoja bila njia. Emérence akamjazia chai.

Na siku nyingine wawindaji walimletea Apollinaire paka wa porini aliyekuwa akimaliza kuku wa misheni. Apollinaire alimpasua ukingoni mwa mto, akautandaza utumbo wake kwenye nyasi, na pembeni yake Safi akatandaza utumbo wa mbuzi wa siku ile, Jumaine akitazama. Wa mbuzi ulikwenda, ukakunja kona kwenye mkaratusi, ukaendelea. Wa paka ulikoma karibu na miguu yao. Apollinaire alieleza kwamba nyama haina ugumu wa majani, tumbo huivunja upesi, hivyo mla nyama hahitaji njia ndefu.

"Na mutu?" Safi akauliza.

"Mutu iko katikati. Mutu anakula yote. Tumbo yake inafanana zaidi na ya nguruwe."

"Ile usinielezee, Bwana Apollinaire."

"Minasema tu tumbo."

"Ata tumbo."

Walicheka wote watatu, na Jumaine ndiye aliyecheka zaidi.

Mwaka wa 1960 Uhuru ukaja. Butembo walicheza ngoma, shule zikatembea kwa mistari, na wiki chache baadaye yule daktari mzungu alipakia vitu vyake garini akaondoka kuelekea Uganda. Apollinaire alibaki na muhuri, kabati lenye dawa kidogo na wilaya nzima ya ng'ombe. Hakuna aliyemwambia sasa yeye ni mkuu, wala hakuna aliyemwambia si mkuu. Kila asubuhi alipiga kaptula yake pasi akaja kazini.

Katika miaka hiyo Jumaine alinunua kundi dogo la ng'ombe kutoka Luofu. Njiani wanajeshi waliwazuia wachungaji Kanyabayonga, wakawafungia ng'ombe katika kiwanja kisicho na jani hata moja, na waliporuhusiwa kuendelea ng'ombe walikuwa mbavu tupu. Walifika Butembo jioni, wakafungiwa nyuma ya ghala la mfanyabiashara wa mahindi. Ukuta wa mabanzi ulikuwa mbovu. Kulipokucha walikutwa wamevunja, wamekula mahindi makavu mpaka matumbo yamejaa kama ngoma.

Jumaine alifurahi. Alisema sasa hawahitaji kunenepeshwa. Lakini kufika adhuhuri walikuwa wamesimama vichwa chini, hawacheui, wanaharisha maji, na kabla ya jua kuzama wawili walilala wakashindwa kuinuka. Apollinaire alikuja akaweka sikio ubavuni mwa mmoja, upande wa kushoto, pale ambapo tumbo kubwa hunguruma kila mara. Lilikuwa kimya.

Usiku ule wawili hao walikufa. Walipompasua mmoja, harufu haikuwa ile aliyoizoea Safi. Ilikuwa ikichoma pua, kama ndimu iliyooza, na ngozi ya ndani ya taulo ilibanduka yenyewe kwa kidole.

"Ni mahindi iliwaua?" Jumaine aliuliza. "Mahindi ni chakula."

"Ni chakula," Apollinaire alisema. "Lakini tumbo ilikuwa imezoea majani, na majani yenyewe ilikosa siku mingi. Kisha mahindi ikaingia yote mara moja. Tududu tubaya tulishangilia, tukachachusha yote, tuzuri tukakufa. Wangepewa majani kwanza, kisha mahindi kidogo, kesho kidogo tena, wangepona. Tumbo iliyokaa na njaa haikaribishwe na karamu."

Nyama ile Apollinaire hakuigonga muhuri. Aliamuru izikwe, na Jumaine mwenyewe akachimba shimo. Hawakugombana. Jumapili ile Apollinaire na Emérence walileta kikapu cha maharagwe, wakakaa nyumbani kwa Jumaine mpaka alasiri.

Kisha ukaja mwaka wa 1964. Habari zilitangulia kwa redio na kwa midomo ya madereva: Basimba, wale waasi, wamechukua mji huu, wamechukua ule, nao hawawapendi walimu, makarani na kila aliyevaa kola ya Leta. Mzee Amisi alipita na kamyo lake akitoka Beni, akamwambia Safi maneno machache tu: "Yule rafiki yenu wa muhuri, mwambieni asilale hapa." Apollinaire alivua kaptula ya kaki, akavaa koti la mkulima, akaenda kwa miguu upande wa magharibi, kuelekea misitu ya Manguredjipa ambako alikuwa na mjomba. Emérence na watoto wake wadogo walihamia jikoni kwa Mama Sofia.

Basimba walipoingia Butembo, walimtaka Jumaine awachinjie. Kamanda wao alikuwa kijana mwenye ngozi ya nyani kichwani na majani shingoni. Alisema dawa yao ya kukinga risasi itaharibika kama mwanamke atagusa nyama, hivyo wanawake wote wasogee mbali. Kisha akamwita Safi arudi kidogo.

"Mutu ya kutia muhuri ku nyama iko wapi?"

"Alitoka," Safi alisema. "Mimi ni wa matumbo tu, baba. Bakubwa ba Leta habatuage."

Kijana alimtazama. Nyuma ya mlango wa jikoni, hatua chache kutoka pale, Emérence alikuwa amemfunga mtoto mgongoni akimtikisa asilie. Kamanda alifuta jasho kwa mkono, akauliza maji ya kunywa yako wapi, akaonyeshwa, akaenda zake. Safi aliingia jikoni, akamfungua mtoto mgongoni mwa Emérence.

Vijana wale walikula nyama kwa wingi, lakini hawakujua kuosha matumbo, na waliokuwa wakijua waliona ni kazi ya wanawake. Waliyatupa kwenye ua. Safi aliyaokota wakiondoka, akayapeleka chini ya daraja la Kimemi, akaosha kama siku zote. Wiki zile soko lilikuwa tupu. Familia nyingi za mtaa, Waislamu kwa Wakatoliki, zilikula matumbo ya Safi na mboga za kuchuma pembeni mwa njia. Mama Sofia alisema hakuwahi kuona mtaa wote unanuka sufuria moja.

Jeshi la serikali liliporudi, Basimba walitawanyika. Watu wa kawaida waliokuwa wamejificha porini wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, wengine hawatambuliki. Apollinaire hakuwamo. Emérence alirudi nyumbani kwake na watoto, akaacha kuuliza. Alikwenda misa kila asubuhi, akarudi, akakoboa maharagwe.

Kisha alasiri moja vijana wanne wa upande wa Manguredjipa walifika na kitanda cha miti mabegani, na juu yake kulikuwa na mtu aliyefunikwa shuka la nyuzi za raphia. Emérence aliwaambia wamekosea nyumba. Yule mtu akafungua macho akamwita jina lake la utotoni, lile ambalo pale Butembo mumewe pekee alilijua.

Vijana walieleza. Apollinaire alishikwa njiani, akafungwa pamoja na walimu na makarani katika ghala la mchele lisilo na mchele. Walipewa majani ya muhogo kidogo na maji. Siku zingine hawakupewa kitu. Walinzi walipokimbia, wafungwa walitoka wakitambaa. Mmoja wao, mwalimu aitwaye Phinées, alifikia kijiji kabla ya wengine. Watu walimhurumia, wakampikia bundu, ugali wa muhogo, wakamchinjia kuku, akala mpaka akatosheka. Asubuhi yake walimzika.

"Labda ni sumu," kijana mmoja alisema. "Hatujue."

Nyumba ilikuwa imejaa watu. Mathe, ndugu mkubwa wa Apollinaire, mkulima wa kahawa, alikuwa ameshamfunga mbuzi mlangoni, na sufuria ya bundu ilikuwa motoni. Alikuwa akilia na kutabasamu pamoja. Safi alikuja akiwa na mikono yenye maji, akatazama mkono wa Apollinaire uliotoka nje ya shuka, akasikia habari ya Phinées, akasema kwa sauti ndogo:

"Papa Mathe, usimupatie ile chakula."

Mathe alidhani hakusikia vizuri. "Unasema nini, mama?"

"Bundu na nyama, hapana. Si leo. Atakufa kama ule mwalimu."

"Ndugu yangu amekaa na njaa miezi. Mimi njo nimunyime?"

"Tumupatie. Lakini kidogo sana. Maji ya mifupa na chumvi, kijiko kimoja kimoja. Kesho kidogo zaidi."

"Nani alikuambia ile?"

Safi alikausha mikono yake kwenye kitenge. Hakuwa daktari. Hospitali ilikuwa imefungwa, wauguzi walikuwa hawajarudi. Yeye alijua ng'ombe, mbuzi na kuku, na alijua kwamba mtu si ng'ombe, hana taulo wala sega. Kama angekosea, Apollinaire angekufa kwa njaa mbele ya sufuria iliyojaa, na watu wangesema mke wa mchinjaji alimnyima chakula. Alisema alichokijua, basi.

"Niliona ng'ombe za Luofu. Bwana yako, Emérence, njo alinionyesha. Na leo ninasikia juu ya Phinées. Sijue zaidi. Ni weye mwenye bwana, weye useme."

Watu wote walimgeukia Emérence. Alikuwa amekaa kitandani, ameshika mguu wa mumewe kwa vidole viwili, kama mtu anayepima nguo.

"Shemeji," alimwambia Mathe, "fungua mbuzi."

Mathe alimfungua mbuzi, akamburuta kwa kamba, akaondoka bila kuaga. Jamaa wengine walimfuata. Sufuria ya bundu waliila wale vijana wanne, na walistahili.

Safi alichemsha mifupa ya goti kutoka bucha ya mumewe mpaka maji yakawa meupe, akaondoa mafuta yote kwa kijiko, akatia chumvi. Emérence ndiye aliyemlisha, kijiko, kisha ngoja, kijiko, kisha ngoja. Kesho yake Safi alifanya kosa. Alipata maziwa mazuri ya Lubero, akaona huruma, akaruhusu kikombe kizima. Apollinaire aliharisha mpaka jioni, akawa baridi mikononi. Safi alikaa nje ya mlango akisoma dua, na Emérence, ndani, akishika rozari. Hawakulaumiana. Walirudi kwenye maji ya mifupa, na baada ya siku maziwa yakarudi, safari hii yakiwa maji zaidi ya maziwa, na ndizi mbivu iliyopondwa, na uji mwepesi.

Kisha miguu ya Apollinaire ikavimba. Habari zilimfikia Mathe, naye akaja akasimama mlangoni.

"Mumeona sasa," alisema. "Munamuua pole pole."

Apollinaire, ambaye tangu afike alikuwa hasemi zaidi ya maneno mawili, aligeuza kichwa. "Mathe," alisema. "Acha. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa na nguvu, ningesema ile ile." Akapumzika. "Ile siku ya Phinées nilikuwa nyuma yake. Singeweza kutembea. Njo sababu niko muzima."

Mathe aliingia ndani. Alikaa kwenye kiti mpaka jua likazama, akitazama kijiko kinavyokwenda na kurudi. Siku iliyofuata alileta ndizi mbivu za shamba lake, akaziweka karibu na Safi, akaenda kupasua kuni. Uvimbe ulishuka wenyewe taratibu. Siku Apollinaire alipouliza kama hakuna maharagwe, Emérence alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba kwa muda, akarudi na macho mekundu, akampa maharagwe matatu kwa kuyahesabu mkononi mwake. Apollinaire alicheka mara ya kwanza.

Masista waliporudi hospitalini, mmoja wao, muuguzi wa miaka mingi, alikuja kumtazama. Alimuuliza Safi hatua kwa hatua alivyofanya. Alisema sababu ya mtu si sawa na sababu ya ng'ombe: kwa mtu aliyekaa na njaa ni damu inayokosa chumvi zake, na chakula kingi huziondoa zile zilizobaki, moyo ukashindwa. Lakini njia ya kumlisha ni hiyo hiyo. Kisha akamuuliza kama ana nafasi ya kuja hospitalini, maana kutoka porini walikuwa wanarudi watu wengi, na jamaa zao wanawachinjia mbuzi.

Safi alimuuliza Jumaine. Jumaine alisema matumbo yanaweza kungoja mpaka mchana.

Msimu ule wote Safi alipanda hospitalini kila asubuhi. Hakupewa kofia wala cheo. Alisimama jikoni na sufuria ya mifupa, akakaa na mama wa watu, akawashika mikono waliokuwa wakitaka kuficha nyama chini ya mto wa mgonjwa. Si wote waliopona. Kulikuwa na mtoto wa mwanamke mmoja wa Luofu ambaye alikufa kijiko kikiwa mdomoni, na Safi hakula siku ile. Lakini wengi walitoka wakitembea.

Apollinaire alirudi kazini mwaka uliofuata, baadaye akahamishiwa Lubero na familia yake. Mathe aliendelea kuleta ndizi kila mavuno, na alipokutana na Safi sokoni alimwita shemeji, ingawa hawakuwa na undugu, na alimwambia wasingya, asante ya Kinande, hata siku ambazo yeye ndiye aliyemuuzia kitu.

Mama Sofia alipofariki, Jumaine alichoka na baridi ya Butembo, akakubali kuhamia Beni karibu na Mzee Amisi, ambaye macho yake yalikuwa yameacha kuona njia. Huko Safi alifungua nyumba ndogo ya kulia chakula pembeni mwa maegesho ya makamyo. Ilikuwa na benchi mbili na meza ya mbao. Madereva walikuja kutoka Kanyabayonga na hata Bunia wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wakiagiza matumbo na bugali, na Safi akawaambia waoshe mikono kwanza na wakae watulie kidogo kabla ya kula. Walimtii. Baba yake alikaa kwenye benchi ya pili, akiwatambua madereva kwa sauti za injini zao, akawauliza habari za barabara, na Jumaine alikata nyama nyuma, akiimba kwa pua wimbo usio na maneno.